Barafu ya Siku Tatu

Nilipaswa kukataa. Badala yake nilibonyeza kitufe cha redio ya kampuni, pale Hell-Ville, mji wa kisiwa chetu cha Nosy Be, nikamwambia kaka yangu aliyekuwa bara, Mahajanga: "Njoo. Tutakungoja." Baba yetu alikuwa amekufa asubuhi ile, jua halijawa kali, na alikuwa ameniagiza zaidi ya mara moja kwamba siku yake ikifika nisimngoje mtu yeyote.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na miaka ya sabini ilikuwa inaishia. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha barafu cha kampuni iliyovua kamba wa baharini hapo Nosy Be. Kazi yenyewe haikuhitaji masomo yangu ya sekondari. Tulijaza maji kwenye makasha marefu ya bati, tukayazamisha katika tangi la maji ya chumvi yaliyopozwa kwa mashine, na kesho yake tukatoa magogo ya barafu yenye uzito wa mtoto wa miaka minane. Mengine yalisagwa kwa ajili ya meli, mengine tuliyafunika kwa pumba za mpunga na magunia. Vidole vyangu vilikuwa na nyufa mwaka mzima, katika kisiwa ambacho watu hutafuta kivuli tangu saa mbili asubuhi.

Msimamizi aliniruhusu kuchukua vipande vilivyovunjika, na vipande hivyo vikanifanya mtu mkubwa mtaani kwetu, nyuma ya soko. Waliniita Bwana Barafu. Mwenye mtoto wa homa alinijia, aliyevimba jino alinijia. Mwezi wa Ramadhani wanawake walipanga mabakuli mlangoni kabla ya magharibi, ili sharubati ya ukwaju ipoe. Jirani mmoja, mama mnene mwenye maneno, hakukosa siku.

"Bwana Barafu, nipe kipande kikubwa leo, mume wangu kichwa kinachemka."

"Anaumwa?"

"Haumwi, ana hasira. Nataka nimkalishe juu yake."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mama alikuwa mzaliwa wa kisiwa kile, Msakalava mwenye kuswali, na kwa lugha yake barafu ni *ranomandry*, maji yaliyolala. Baba aliita barafu tu. Yeye alizaliwa Unguja na wazazi wa kisiwa cha Ngazidja, akaja Mahajanga kijana na cherehani yake, akashona kanzu na suruali miaka thelathini. Mtaani tulisema Kimalagasi, shuleni Kifaransa, lakini yeye tulimjibu kwa Kiswahili chake, na ndiyo maana haya nayaandika kwa Kiswahili. Ni lugha aliyotumia kuniagiza.

Sharti nieleze kilichokuwa kati ya baba na kaka.

Miaka michache kabla ya hapo, Wangazidja wa Mahajanga waliwindwa nyumba kwa nyumba. Sitasimulia siku zile zote. Siku ya pili walifika kwetu, kundi la wanaume wenye mapanga na marungu. Baba alikuwa jikoni, amechuchumaa nyuma ya magunia ya makaa, na mimi nilikuwa nimemlalia mgongoni kana kwamba hilo lingesaidia. Kaka alikwenda mlangoni. Alikuwa na sura ya mama tupu, na kazini bandarini alitumia jina la upande wa mama.

"Kuna Mngazidja humu?" wakamuuliza.

"Hakuna."

"Baba yako yuko wapi?"

"Baba yangu alikuwa Msakalava. Amekufa zamani. Mimi mwenyewe nilimzika."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali. Wakamtazama, wakaenda nyumba ya pili, na tulisikia yaliyotokea huko.

Baba alitoka nyuma ya makaa akiwa mweusi mikono na uso, akampita kaka bila kumtazama. Wiki ile watu wa Ngazidja walipokuwa wakikusanywa wapelekwe kwao, mama aliamua twende Nosy Be, kwa ndugu zake. Kaka alibaki kwa sababu ya kazi. Njiani kutoka nje ya mji baba aliona maiti zimelala kando ya barabara, zina siku kadhaa, hakuna wa kuzifunika. Mmoja alikuwa mteja wake. Aliitambua suruali.

Tangu hapo alikuwa na maagizo mawili, na aliyarudia kila alipopata homa. La kwanza: "Nikifa usiniweke. Nikifa asubuhi, adhuhuri inikute niko chini." La pili alilisema kwa sauti ya chini, mama asisikie, ingawa kwa wageni wake hakulificha: "Na yule usimngoje."

"Baba, kaka alikuokoa."

"Najua aliniokoa."

"Basi?"

"Alinizika nikiwa hai, masikio yangu yanasikia. Hakutetemeka hata sauti. Mtu huzikwa mara moja, mwanangu. Yeye zamu yake ameshaitumia."

Kaka alituma barua, alituma mchele wakati mchele ulipokuwa adimu. Baba alikula ule mchele. Barua hakuzifungua. Nilidhani atalainika, kwa sababu nilikuwa kijana na niliamini kwamba wazee hulainika.

Kifua kilimshika masika yale. Wiki ya mwisho hakuweza kumeza uji, nikawa namvunjia barafu kwa mpini wa kisu, vijipande kama punje za mahindi, namtia mdomoni kimoja kimoja. Alivimung'unya macho yamefumbwa. "Hiki ndicho kitu kizuri walichotuletea Wazungu," alisema siku moja, tukacheka wote wawili, na kicheko kikamwingiza kwenye kikohozi kirefu. Siku ya kufa kwake alipata kipande kimoja. Kilikuwa hakijayeyuka chote alipokata roho.

Mambo yalianza kwenda kama alivyotaka. Fundi, kama tunavyomwita kule mwalimu wa Kurani, alifika na waosha maiti wawili. Wanaume wanne walikwenda makaburini na majembe. Sanda alikuwa ameikata mwenyewe miezi mingi nyuma, imekunjwa sandukuni na kafuri. Ilibaki kumwosha tu. Ndipo mama akanishika mkono uani.

"Nenda kampigie kaka yako."

"Nitamwambia kwamba tumezika."

"Mwambie kwamba amekufa. Kuzika bado." Macho yake yalikuwa makavu. "Kwetu maiti hungoja watoto wake. Mimi nimefuata ya baba yako maisha yangu yote. Leo nami ni mjane, nisikilizeni mara moja."

Kampuni ilikuwa na redio ya kuzungumza na ofisi yake ya Mahajanga, karibu na bandari alipofanya kazi kaka. Walimwita, akaja. Sauti yake ilifika imekatika katika.

"Lini?"

"Asubuhi hii."

"Mmemzika?"

"Kaburi linachimbwa. Baada ya adhuhuri."

"Msimzike."

"Kaka, alisema..."

"Najua alichosema. Kila mtu wa Nosy Be aliyepita hapa amenieleza alichosema. Siku mbili tu, mdogo wangu. Kuna gari linaondoka mchana huu. Nataka nimwoshe kwa mikono yangu. Nataka nimwombe radhi nikimwona uso, siyo niongee na mchanga."

"Joto hili..."

"Unashinda ndani ya barafu mwaka mzima, leo unaniambia joto?"

Mwendesha redio aligeuka akatazama dirishani. Mtu mwingine yeyote pale kisiwani angekuwa na jibu. Angesema haiwezekani, jua halingoji, na kaka angelia, angenyamaza, na mambo yangekwisha saa ile. Mimi sikuwa na udhuru huo. Na nikiri hapa jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu: si huruma peke yake iliyonisukuma. Kaka alikuwa mkubwa wangu, mwerevu kuliko mimi, hajawahi kunihitaji. Siku ile alihitaji kitu nilichokuwa nacho mimi tu. Nilijisikia mkubwa. Nikasema tutamngoja.

Fundi alinisikiliza akiwa amesimama.

"Nani kakuruhusu?"

"Kaka. Na mama."

"Maiti ni kaka yako? Maiti ni mama yako? Mwenye wasia ni huyu aliyelala hapa."

"Siku mbili tu, fundi."

"Mkiniita nitakuja, kumswalia ni haki yake. Lakini usiniulize kama unafanya sawa, maana nitakujibu." Akavaa viatu vyake. Waosha maiti wakamfuata, na birika lao halijaguswa.

Kiwandani msimamizi alisikia ombi langu akakuna shingo. "Barafu chukua utakavyo. Lakini ndani ya chumba changu humwingizi. Kamba hawa wanakwenda Ulaya, watalalaje na mzee wako?" Alipoona uso wangu aliona haya, akanipa mkokoteni na magunia sita ya pumba.

Nilimlaza baba kwenye chumba cha cherehani, juu ya mlango niliouchomoa bawabani, magogo ya barafu chini yake na pande zote, iliyosagwa juu ndani ya mifuko ya nailoni, na shuka. Nilifanya kwa ustadi. Haya ndiyo yanayonitia aibu zaidi, kwamba nilifanya kwa ustadi, nikapima nafasi za hewa, nikaziba kwa pumba, nikasogea nyuma kutazama kazi yangu.

Asubuhi ya siku ya pili maji yalikuwa yamepita chini ya mlango wa mbele. Yalikwenda mfereji mwembamba hadi njiani, yakateremka na mteremko mbele ya nyumba za majirani. Watu waliokwenda sokoni walifika pale, wakasimama, wakainua nguo zao wakaruka. Baadaye wakaacha kupita. Yule mama mwenye maneno alimwaga majivu mbele ya kizingiti chake, mstari mzima.

Mchana niliitwa redioni. Kaka alikuwa amepiga simu ofisi ya Mahajanga kutoka posta ya mji mmoja wa njiani. Mto umejaa, gari halivuki, watajaribu kwa mtumbwi kisha watafute gari jingine upande wa pili. Siku moja zaidi.

Nilirudi nyumbani nikainua shuka. Tumbo lilikuwa limeanza kupanda, na nilinusa harufu. Mama alikuwa mlangoni, ameziba pua kwa kanga, ananitazama mimi, si maiti. Nilikuwa bado naweza kusema basi. Kaburi lilikuwa wazi, fundi alikuwa mita mia mbili kutoka pale.

Nikafanya lile tunalofanya kiwandani kamba wanapoanza kulegea na meli bado haijafika. Nilileta chumvi ya mawe, ndoo mbili, nikaichanganya na barafu iliyosagwa. Chumvi huifanya barafu iume mara tatu. Kila mfanyakazi wa barafu anajua. Nilimzungushia baba mchanganyiko ule, na juu ya kifua, na mikononi, na mashavuni ili uso usiharibike, kwa kuwa uso ndio kaka alikuwa anaufuata. Nikafunika. Harufu ikakata. Mama akasema, "Umepata dawa," nikafurahi aliposema hivyo.

Mvua ilinyesha usiku kucha.

Kaka alifika siku ya tatu kwa boti ya mchana kutoka Antsahampano, bandari ya upande wa bara. Alikuwa na tope hadi mapajani, kiatu kimoja kimepotea mtoni, na mkononi kifurushi cha sabuni mpya na pamba, alivyokuwa amevilinda njia nzima visilowe. Nilikuwa sijamwona tangu Mahajanga. Nywele za pembeni zilikuwa nyeupe, na hakuwa amefika hata miaka thelathini na mitano. Mama akamkumbatia. Mimi akanishika bega. "Ahsante, mdogo wangu," alisema. "Hili sitalisahau."

Nilifunua shuka.

Barafu yenye chumvi huchoma. Kamba wana gamba. Mashavu ya baba yalikuwa na mabaka meusi na meupe kama ngozi iliyopikwa, pua imesinyaa, midomo imevutwa nyuma hadi meno yakaonekana yote. Baba hakuwa mtu wa kuonyesha meno, hata akicheka alifunika mdomo. Mikono niliyoikunja kifuani ilikuwa migumu kama miti.

Kaka alipiga magoti. Alisema, "Baba." Nilimwona akitafuta mahali pa kutazama katika uso ule, akikosa. Mwisho akaushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili akainamisha kichwa, na akaanza tena, "Baba, nakuomba..." Alipouachia mkono, ngozi ya vidole viwili ilibaki kwenye kiganja chake.

Alitoka uani. Nilimsikia akitapika karibu na kisima.

Fundi alikuja, kama alivyoahidi. Waosha maiti wale wawili hawakuja. Mmoja alisema mgongo, mwingine hakutoa sababu. Waliomwosha ni fundi, kaka na mimi. Mikono haikunyooka kuwekwa inavyopaswa, ikabidi kwanza tumwage maji ya vuguvugu, birika baada ya birika, tungoje, tumwage tena, na kila tulipomwaga tuliona ngozi ikilegea. Mama alichemsha maji jikoni akipokea birika tupu na kurudisha lililojaa, hakuingia. Sabuni ya kaka haikutumika, isingewezekana kusugua. Fundi alisoma kwa sauti ya chini na mara moja tu alisimama, akafuta uso kwa mkono wa kanzu, akaniambia bila ukali, "Mzee huyu alikuomba jambo moja." Kisha akaendelea kusoma.

Kaburi lilikuwa limejaa maji ya mvua hadi magotini. Tuliyachota kwa ndoo za kiwandani. Siku ya kwanza watu wasiopungua sitini walikuwa wamekusanyika kwetu. Siku ya tatu tulikuwa kumi na mmoja. Tulimteremsha kwenye tope.

Tulipokuwa tunarudi kaka alinisubiri nyuma ya wengine.

"Ungenikatalia," alisema.

"Uliniomba wewe."

"Mimi nilikuwa nalia kwenye redio! Mtu anayelia anasikilizwa? Wewe ndiye uliyekuwa naye. Wewe ndiye uliyemwona siku ya pili."

"Ningekukatalia ungenisamehe?"

"Ningekukasirikia mwaka mmoja, miwili. Uso wake ningekuwa nao." Alikuwa anafuta kiganja kwenye suruali, amekuwa akifuta tangu uani. "Sasa nikifumba macho namwona yule. Barafu ulikuwa nayo. Ulimi je, hukuwa nao?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho marefu aliyoniambia maishani. Aliondoka baada ya siku mbili, na mama akaenda naye.

Mtaani hapakuwa na ugomvi. Walinisalimu, niliwasalimu. Ila hakuna aliyekuja tena na bakuli. Ramadhani iliyofuata niliweka vipande barazani juu ya gunia safi kabla ya magharibi, kama kawaida. Adhana ikaadhiniwa, giza likaingia, vikayeyuka pale pale. Maji yalipoanza kuteremka njiani nikayakinga kwa tambara.

Baada ya miaka kadhaa kampuni ilipunguza watu, nami nikahamia Mahajanga, kwa kuwa mama alikuwa anazeeka, na kwa kuwa nilidhani kaka angelainika. Nilipata kazi kwenye ghala la samaki, kuwapakia barafu wavuvi wa Antsanitia. Nyumba ya kaka ilikuwa umbali wa dakika ishirini kwa miguu. Mama alinitembelea Ijumaa na kunipa habari za kaka. Ni kwa mama nilijua kwamba kaka hanywi kitu chenye barafu, na kwamba siku moja katika harusi, alipopewa glasi yenye vipande vikigongana ndani, aliiweka chini akaondoka bila kuaga. Mama alipokufa tulimzika kabla ya alasiri. Kaka alishika kichwani, mimi miguuni. Alisema, "Polepole," na "Inua." Nilibeba maneno hayo mawili nyumbani kama zawadi.

Nilimfuata mara tatu. Mara zote mke wake alinipokea vizuri, akanipa chai, na kaka alikuwa chumbani, nikimsikia akikohoa. Mara ya tatu nilisema kwa sauti kuelekea pazia, "Kaka, nilikosea." Kikohozi kikanyamaza. Nilingoja hadi chai ikapoa. Pazia halikusogea.

Alikufa miaka mingi baadaye, sote tumekuwa wazee. Nilisikia kutoka kwa muuza mboga wa Amborovy, aliyenipa pole nikamuuliza pole ya nini. Walikuwa wamemzika jana yake. Nilikwenda. Shemeji alinikalisha, hakuweza kunitazama.

"Alituagiza, shemeji. Wiki nzima alirudia. Nikifa asubuhi, adhuhuri inikute niko chini."

"Na mimi?"

Alivuta upindo wa kanga.

"Alisema tusikungoje."

Baba alinikabidhi maagizo yake, sikuyatimiza, na alishuka kaburini na uso nilioupa mimi. Kaka alitaka radhi, na kwa kumkubalia nilimwondolea hata uso wa kumkumbukia baba. Nimeishi mji mmoja na ndugu yangu wa pekee hadi akafa, bila kula naye sahani moja, na sikumshika mkono alipokuwa hai wala alipokuwa maiti. Hivyo ndivyo lilivyonigharimu neno lile la redioni. Mimi ndiye niliyelisema.